Seva Ikigoma, Nani Anasema na Watu?

Usiku wa 31 Januari 2017, fundi mmoja wa GitLab, huduma inayohifadhi kazi za waandishi wa programu duniani kote, alikuwa akihangaika na hifadhidata iliyolemewa. Alikusudia kufuta folda kwenye seva ya akiba ili aijaze upya. Amri akaiandika kwenye seva kuu. Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili akaisimamisha, lakini kati ya GB 300 hivi zilikuwa zimebaki GB 4.5. Walipokimbilia nakala rudufu wakakuta kwamba kati ya njia tano walizokuwa wakizitegemea, hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono kiasi cha saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa.

Kwa kawaida hapa ndipo kampuni hukaa kimya. Wao walifungua waraka mtandaoni, wakauacha usomwe na yeyote, na humo wakaandika kila hatua waliyoichukua pamoja na zile zilizoshindikana. Kisha wakairusha kazi ya kurejesha data moja kwa moja YouTube, maelfu ya watu wakitazama. Tangu mwanzo walisema wazi kipi kiko salama: hazina za msimbo wa programu hazikuguswa. Huduma ilirudi siku ya pili yake, baada ya saa kama 18. Data ya saa sita haikurudi tena, hasara iliyogusa miradi ipatayo 5,000, maoni kama 5,000 na akaunti mpya 700 hivi. Pamoja na hayo, watumiaji wengi waliwatumia salamu za kuwatia moyo.

Ninaanza na mkasa huu kwa sababu unaonyesha jambo ambalo jamii za mtandaoni hulipuuza: kurekebisha na kusema na watu ni kazi mbili, na ya pili haisubiri ya kwanza iishe.

Jamii nyingi tunazozijua hazina mafundi wa zamu. Kuna walimu wanaobadilishana mitihani na maazimio ya kazi, wafugaji wa kuku wanaopeana bei na ushauri wa chanjo, watu wa mji mmoja waliotawanyika ughaibuni wenye tovuti yao ya michango ya misiba. Nyuma ya kila jamii wapo wawili watatu wanaojitolea, na mmoja tu ndiye anayeijua seva. Siku seva ikigoma, ni yeye anayetafuta hitilafu, ni yeye anayepokea simu, na ni yeye anayejibu kundini "nalishughulikia". Kazi zote mbili zinaharibika. Basi mkubaliane mapema, kabla ya siku mbaya kufika, nani ni fundi na nani ni msemaji. Msemaji si lazima aijue seva. Anatakiwa ajue kuuliza, kuandika kwa ufupi, na kumkinga fundi asisumbuliwe. Fundi naye ana deni moja kwake: kila nusu saa amwambie amefikia wapi, hata kwa sentensi moja.

Tuwachukue hao walimu. Ni Alhamisi jioni, wiki ya mitihani ya kufunga muhula, na watu wanaanza kuandika kundini kwamba kupakia mafaili kumegoma. Taarifa ambayo wengi tungeitarajia ni hii:

"Ndugu wanajamii, tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Wataalamu wetu wanalishughulikia tatizo. Tunawashukuru kwa uvumilivu wenu."

Ina adabu, na haina kitu. Mwalimu aliyeko Nachingwea na mtihani wake wa Kidato cha Pili mkononi bado hajui kama tatizo ni simu yake au ni tovuti, kama mitihani aliyopakia wiki iliyopita ipo, kama aendelee kujaribu au akalale. Atajaribu mara kumi, bando litamwishia, kisha atapiga simu kwa yule yule ambaye hapaswi kupigiwa. Sasa linganisha na hii:

"Walimu, habari za jioni. Tangu saa 11 jioni (17:00) wengi wanaotumia simu wanashindwa kupakia mafaili. Mafaili yaliyokwisha kupakiwa yako salama na yanapakuliwa kama kawaida. Tafadhali usirudie kupakia, utamaliza bando na faili halitafika. Mwenye haraka ajaribu kwa kompyuta, wengi huko wanafanikiwa. Chanzo bado hatujakijua. Tutaandika tena saa 1 usiku (19:00), hata kama hakuna jipya. Wasimamizi wa zamu."

Angalia sentensi ya pili kutoka mwisho. Kama ningeruhusiwa kutetea sentensi moja tu katika makala hii yote, ningeitetea hiyo. Mtu akijua atasikia neno saa 1, anaiweka simu chini na kuendelea na mambo yake. Asipojua, anaisoma kila dakika kumi, na kila dakika kumi hasira inapanda. Saa 1 ikifika andika, hata kama cha kusema ni "bado tunatafuta, tumeshathibitisha kwamba si hifadhidata". Ahadi ya saa ikivunjwa mara moja, taarifa zote zinazofuata zinasomwa kwa shaka.

Mfano wa umbo hili haupo mbali. Taarifa za kukatwa umeme za TANESCO au Kenya Power zimezoeleka kwa sababu zinataja maeneo, tarehe na muda. Mwenye saluni akiisoma anajua kama awapangie wateja asubuhi au jioni. Taarifa ya seva nayo impe mtu cha kufanyia uamuzi.

Saa zenyewe zinahitaji uangalifu kwetu kuliko kwingineko. Ukiandika "matengenezo yataanza saa 10 usiku", mzee wa Tanga ataelewa ni karibu na alfajiri, na kijana wa Nairobi aliyezoea saa ya kwenye simu ataelewa ni muda wa kulala. Tofauti ni saa sita, na katika saa hizo sita mtu anaweza kuwa katikati ya kujaza fomu ndefu. Andika zote mbili kila mara: "saa 10 usiku (04:00), saa za Afrika Mashariki". Kama mnao wanajamii Muscat, wao wako mbele kwa saa moja; Bujumbura na Lubumbashi wako nyuma kwa saa moja. Walio Ulaya na Marekani hubadilisha saa zao mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo usijaribu kuwahesabia. Taja saa zenu na wao watageuza.

Taarifa ya kwanza ikishatoka, kazi ya msemaji inageuka: sasa anasikiliza. Mwaka 1999 Simon Tatham, mwandishi wa programu ya PuTTY, alichapisha mwongozo wa namna ya kuripoti hitilafu ambao umetafsiriwa katika lugha nyingi na unasomwa hadi leo. Kiini chake ni kwamba fundi anahitaji dalili kama zilivyoonekana, kabla ya mtu kumpa tafsiri yake ya tatizo. Sisi watumiaji hufanya kinyume. Tunasema "seva imejaa", "mmetufungia", "mtandao unasumbua", au kwa kifupi "imegoma". Hakuna ubaya, ndivyo watu wanavyosema. Kazi ya msemaji ni kumtoa mtu kwenye "imegoma" na kumfikisha kwenye alichokiona, bila kumfanya ajione mjinga:

"Shikamoo mwalimu, pole na usumbufu. Ulipobonyeza Pakia, ilikuletea maandishi yoyote au ilizunguka tu?"

"Marahaba. Ilizunguka kidogo, halafu ikaandika 413."

"Asante sana mwalimu. Lilikuwa faili la Word au picha?"

"Picha. Nimeupiga mtihani kwa simu, kurasa nne."

Maswali mawili, na kesi imekaribia kwisha. Namba 413 ni jibu la seva linalomaanisha kwamba ilicholetewa ni kikubwa kupita kikomo. Fundi akiisikia anakumbuka kwamba mchana walihamia seva mpya inayoendeshwa na nginx, programu ambayo isipoelekezwa vinginevyo hukataa chochote kinachozidi MB 1. Faili la Word la mtihani huwa dogo, likapita. Picha za simu ni kubwa, zikakataliwa. Kumbe suala halikuwa simu wala kompyuta, lilikuwa uzito wa faili. Wenye kompyuta walipita kwa sababu tu wao hupakia Word. Taarifa ya saa 1 iseme hivyo waziwazi: "Awali tulisema tatizo liko kwa wanaotumia simu. Sasa tumejua ni mafaili yanayozidi MB 1, kwa kifaa chochote." Usiifute taarifa ya kwanza. Iache ilipo na uisahihishe kwa ile ya pili, maana kuna watu wameshaipeleka kwenye makundi mengine.

Maswali ya kuuliza ni machache: ulikuwa unafanya nini, ulitegemea nini kitokee, kilitokea nini, na unatumia simu gani, kivinjari gani, laini gani. Picha ya skrini inasaidia kuliko maelezo marefu. Sauti zipokee pia, kwani wapo wanaoeleza vizuri kwa mdomo kuliko kwa kuandika, ila msemaji aandike mwenyewe kilichosemwa. Sauti ya dakika tatu haitafutiki wiki ijayo. Na usiyafunge mazungumzo kundini ili wasimamizi pekee waandike. Ninaelewa kishawishi hicho, kelele zinachosha, lakini mkilifunga kundi yule mwenye 413 atakosa pa kusemea. Taarifa ibandikeni juu ya kundi, WhatsApp inaruhusu kufanya hivyo kwa saa 24 au zaidi, na watu waendelee kuzungumza chini yake.

Kila tatizo lipewe namba na mahali pamoja. Jamii za Wikimedia, ambazo Wikipedia ya Kiswahili ni mojawapo tangu 2003, huandika hitilafu zao kwenye mfumo uitwao Phabricator, ambamo kila moja ina namba yake na yeyote anaweza kuona imefikia wapi. Nyinyi mnaweza kutumia jedwali la kawaida lenye safu tano: namba, kinachoonekana kwa mtumiaji, lilianza lini, njia ya muda ya kulikwepa, hali yake sasa. Mtu wa 40 akiuliza swali lile lile, mjibu kwa upole na umpe kiungo cha tatizo hilo, tuseme namba 14. Asiambiwe kwamba limeshaulizwa. Yeye kwake ni mara ya kwanza.

Wikimedia wana desturi nyingine inayofaa kuigwa. Kila wiki hutoka jarida fupi liitwalo Tech News, likieleza mabadiliko yanayokuja na matatizo yaliyojitokeza, na watu wa kujitolea hulitafsiri. Toleo jipya la programu yao halishuki kote kwa mpigo: huanzia Jumanne kwenye tovuti za majaribio, na Wikipedia nyingi hufikiwa Alhamisi. Walimu wetu wangetangaza siku tatu kabla kwamba Alhamisi mchana wanahama seva, aliyekutana na shida jioni angejua pa kuanzia. Na wangejiuliza kwa nini wanahama wiki ya mitihani.

Wakati mwingine tatizo si lenu kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikawa taabu Tanzania, Kenya na nchi nyingine za ukanda huu. Siku kama hiyo waulize wanajamii walio nje. Tovuti ikifunguka Muscat na Minneapolis lakini ikagoma Dar es Salaam na Mombasa, seva yenu ni nzima na njia ya kuifikia ndiyo mbovu. Waambieni watu hivyo hivyo, kwamba mmeangalia na kwamba mnasubiri kampuni za simu. Kutokuwa na la kufanya nako kunatangazwa.

Swali la wapi pa kutangazia lijibiwe sasa hivi, seva ikiwa nzima. Tarehe 28 Februari 2017 huduma ya Amazon ya kuhifadhi mafaili, S3, ilianguka, na ukurasa wa Amazon unaoonyesha hali ya huduma ukabaki kwa muda ukisema mambo ni mazuri, kwa sababu kuubadilisha kulitegemea S3 hiyo hiyo. Miaka minne baadaye, 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp vilizimika kwa karibu saa sita, kuanzia jioni kwa saa zetu, na kampuni yenye mitandao hiyo ikaenda kuomba radhi Twitter. Kama tangazo lenu kuhusu tovuti liko kwenye tovuti, hamna tangazo. Kama jamii yote iko WhatsApp, tengenezeni mahali pa pili, mathalani chaneli ya Telegram, na muwe na orodha ya namba za viongozi wa kila wilaya wanaoweza kupelekewa SMS. SMS inafika kwenye kitochi, tena bila bando.

Fundi akisema "tayari", msemaji asitangaze bado. Amrudie yule mwalimu wa 413 amwombe ajaribu na picha zake zile zile nne. Zikipita, ndipo iandikwe:

"Walimu, tatizo namba 14 limetatuliwa saa 2:10 usiku (20:10). Sasa unaweza kupakia faili hadi MB 20. Kama ulijaribu kati ya saa 11 jioni na saa 2:10 usiku ukashindwa, faili lako halikutufikia. Tafadhali lipakie upya. Huhitaji kufuta chochote wala kubadilisha nywila. Aliyepakia akafanikiwa asirudie. Ukikwama tena, andika kundini namba unayoiona kwenye skrini."

Hiyo "huhitaji kufuta chochote" ina sababu. Imekuwa desturi kila jambo likigoma mtu anaambiwa afute kache. Simu nyingi za Android zimewekwa Kiingereza, na kwenye mipangilio ya aplikesheni kitufe cha Clear cache hukaa jirani na cha Clear data au Clear storage. Cha kwanza hufuta mafaili ya muda tu. Cha pili huirudisha aplikesheni kama ilivyosakinishwa siku ya kwanza: akaunti inatoka, na kazi ambazo hazijatumwa zinapotea. Nimeona watu wakipoteza rasimu za wiki nzima kwa ushauri wa mstari mmoja. Kama kweli kufuta kache kunahitajika, andika jina la kitufe kama linavyosomeka kwenye skrini, taja kitufe cha jirani kisichotakiwa kuguswa, na utangulize onyo la kuhifadhi rasimu.

Mambo ya usalama yana mpangilio wake. Tarehe 7 Aprili 2014 ulipotangazwa udhaifu wa Heartbleed katika OpenSSL, programu iliyokuwa ikilinda sehemu kubwa ya tovuti duniani, watu wengi walikimbilia kubadilisha nywila. Lakini kwenye tovuti ambayo bado haijawekewa marekebisho, nywila mpya ingeweza kuibwa kama ile ya zamani. Kwa hiyo kwanza funga tundu, kisha tangaza kwamba limefungwa na lini, ndipo uwaambie watu wabadilishe. Kama data zao zimeshachukuliwa na mtu, waambie siku hiyo hiyo ni data gani: majina, namba za simu, au nywila. Hapa kuchelewa kunamwacha mtu wazi bila habari.

Matapeli nao wanafuatilia matangazo yenu. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows, na mara tu zikazuka tovuti na mafaili ya uongo yakijidai kuleta dawa. Kwetu atakuja mtu na picha ya nembo yenu na ujumbe kwamba ili akaunti ifunguke utume namba ya uthibitisho. Kila taarifa ya hitilafu iwe na mstari usiobadilika unaosema hamuombi nywila, hamuombi namba ya siri ya pesa, na habari zenu rasmi ziko mahali fulani pawili tu.

Baada ya siku chache andikeni ripoti. GitLab walichapisha ya kwao 10 Februari 2017. Fundi aliyeandika amri ile hakutajwa jina humo. Aliitwa tu mwanatimu wa 1, na maelezo yote yakaelekezwa kwenye mfumo uliomruhusu kukosea. Kwa mfano, walieleza kwamba nakala rudufu zilikuwa zikishindwa kimyakimya kwa sababu ya matoleo mawili ya programu yasiyooana, na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Jamii ya Debian, tangu mkataba wake wa 1997, imejifunga kutoficha matatizo, na orodha yake ya hitilafu iko wazi kwa umma. Ripoti ya walimu inaweza kuwa ya aya tatu: kilichotokea, kwa nini hakikugundulika mapema, na kitakachofanyika. Msimtaje fundi wala msimlaumu mwalimu aliyepakia picha kubwa.

Kila lililoahidiwa humo lipewe mtu na tarehe: kikomo cha faili kiingizwe kwenye orodha ya mambo ya kukagua wakati wa kuhama seva, na nakala rudufu zijaribiwe kwa kuzifungua kweli. Tarehe ikifika, msemaji aandike mistari miwili kwenye kundi lile lile, kwamba la kwanza limekamilika na la pili limesogezwa hadi Jumamosi kwa sababu fundi amesafiri, na taarifa itatolewa Jumamosi saa 3 usiku (21:00).